Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vyeti vya Farasi na Safari za Majimboni

Ndugu wanachama,

Nawashukuru kwa kuendelea kukiamini chama chetu cha wahudumu wa farasi na madereva wa trela tunaozungumza Kiswahili hapa Lexington, Kentucky. Mapato na matumizi atayasoma mhazini, na habari za misiba na michango katibu ameshawafikishia. Mimi naomba tuzungumzie afya ya farasi tunaowavusha kutoka jimbo moja hadi jingine.

Baridi ikianza, farasi wengi hushushwa Ocala, Florida. Kiangazi hupelekwa Saratoga, New York, na mwezi Aprili na Oktoba kuna mbio za Keeneland hapa nyumbani. Kila jimbo lina masharti yake, na yanayotubana ni ya kule tunakoingia. Kwa kawaida hudaiwa cheti cha afya kilichotolewa na daktari wa mifugo ndani ya siku 30, pamoja na majibu ya kipimo cha Coggins, yaani kipimo cha damu cha ugonjwa wa kuambukiza wa upungufu wa damu wa farasi, mara nyingi ya ndani ya miezi 12. Maradhi yakizuka, masharti huongezwa ghafla. Karatasi iliyokuvusha mwezi uliopita haikuhakikishii safari ya leo, kwa hiyo piga simu ofisi ya mifugo ya jimbo unakokwenda kabla ya kupakia.

Mwaka huu mwenzetu mmoja alizuiwa usiku kwenye kituo cha ukaguzi akiwa na vyeti vyote mkononi. Mchoro wa farasi kwenye karatasi ya Coggins ulionyesha alama nyeupe juu ya kwato ya nyuma kushoto. Farasi aliyekuwa kwenye trela alikuwa nayo kulia. Huko bandani walikuwa wamepakia farasi mwingine wa rangi ileile. Mnyama alisimama humo hadi alfajiri, na lawama zote zikamwangukia dereva. Nawasihi: shika karatasi, mtazame farasi usoni na miguu yote minne, ndipo ufunge mlango. Anayekuharakisha hatakuwepo barabarani utakaposimamishwa.

Najua wapo wanaokiona kipimo hiki kuwa usumbufu. Kilibuniwa na Dkt. Leroy Coggins wa Chuo Kikuu cha Cornell, na tangu miaka ya 1970 kimesaidia kupunguza sana ugonjwa huo wa upungufu wa damu. Ugonjwa huu hauna tiba. Farasi akiupata hubaki na virusi maisha yake yote. Ama auawe, ama atengwe daima, angalau mita 180 kutoka kwa wenzake. Nzi wakubwa wanaouma huueneza, lakini miaka ya karibuni wagonjwa wengi waliobainika Marekani wameambukizwa na mikono ya watu, kwa sindano zilizorudiwa, hasa kwenye mbio zisizo rasmi. Nzi hatuwezi kuwamaliza. Sindano tunaishika sisi. Sindano moja, farasi mmoja, na mwanachama atakayelazimishwa kufanya vinginevyo aje kwa kamati, tutasimama naye.

Tukumbuke pia kwamba cheti hueleza hali ya farasi siku alipokaguliwa tu. Mwaka 2011, baada ya mashindano ya Ogden, Utah, farasi walirudi makwao wakiwa wamebeba virusi vya herpesi vya farasi. Wagonjwa 90 walithibitishwa katika majimbo 10, na 13 walikufa au kuuawa kwa kuonewa huruma. Mara nyingi homa hutangulia kabla miguu ya nyuma haijaanza kuyumba. Ndiyo maana kipimajoto kina thamani kubwa kwetu: pima asubuhi na jioni, andika, na ikizidi nyuzi 38.6 usimpakie, mwite daktari. Farasi wageni wanaoingia bandani wakae mbali na wenyeji, wawe na ndoo zao na hatamu zao.

Kwa hiyo naleta mapendekezo mawili kwenu myapigie kura. Kwanza, sehemu ya akiba ya mwaka huu inunue kipimajoto kwa kila mwanachama. Pili, tuchague madereva wawili wenye uzoefu wa safari ndefu, wafuatilie matangazo ya majimbo na kuyasambaza kwetu kwa Kiswahili. Majina yamfikie katibu kabla ya farasi wa kwanza kushushwa Florida.