Baharia Frimasoni hatafutwi kwenye orodha za wanajeshi

Mhariri,

Wapo wasomaji wanaomtafuta jamaa aliyekuwa baharia wa meli za biashara za Uingereza, akapotea katika Vita Kuu ya Kwanza, na nyumbani kikabaki cheti cha Frimasoni. Huanza na orodha za wanajeshi, wakimkosa husema ni porojo za wazee. Lazima wamkose: hakuwa mwanajeshi, alikuwa mwajiriwa aliyetia saini mkataba wa safari. Wengine hukimbilia kadi za usajili wa mabaharia. Usajili huo ulirejeshwa Oktoba 1913, lakini kadi za mwanzo ziliharibiwa mwaka 1969, zikabaki za kuanzia 1918. Aliyezama 1916 hana kadi ya kuonwa.

Kwa hiyo tafuteni meli kwanza, mtu baadaye. Kila meli iliyosajiliwa ilikuwa na nambari rasmi isiyobadilika hata jina likibadilishwa, na majina ya meli yalikuwa yakirudiwa mno. Kwa nambari hiyo mtapata mkataba wa mabaharia, yaani orodha ya waliotia saini kwa safari ile. Ya mwaka 1915 imesalia kwa wingi na inasomeka mtandaoni. Ya miaka mingine imetawanyika: takriban asilimia 70 ya mikataba ya 1863 hadi 1938 iko Memorial University, St. John's, Newfoundland, Kanada, na asilimia 10 iko Hifadhi ya Nyaraka za Taifa kule Kew, London. Mstari wa baharia mmoja unabeba umri, mahali alipozaliwa, anwani, kazi yake melini, siku aliyopanda na aliyoshuka, na meli aliyotoka. Hiyo meli aliyotoka ndiyo dhahabu: inakurudisha nyuma safari moja baada ya nyingine. Umri msiuamini sana. Vijana walijiongezea, wazee walijipunguzia.

Sasa Frimasoni. Wekeni pembeni vile vibandiko vya nguzo za umeme vinavyoahidi utajiri. Huyu alikuwa mtu wa kulipa ada kutoka mshahara wake, na loji yake, yaani tawi lake la Frimasoni, ilituma jina makao makuu London. Daftari za uanachama za Uingereza zilizowekwa mtandaoni zinaanzia 1751 na kuishia 1921. Zinaonyesha umri, makazi, kazi, na tarehe alizopandishwa ngazi tatu za uanachama. Kanuni ya Uingereza ilitaka wiki nne, si pungufu, kati ya ngazi na ngazi. Ukiona pengo la miezi minane, huenda alikuwa baharini: lilinganishe na mikataba. Tarehe zikigongana, yaani yuko lojini Liverpool na papo hapo yuko njiani kwenda Buenos Aires, basi mmewachanganya watu wawili wa jina moja. Aliyeingizwa katika loji ya Scotland au Ireland hayumo humo, ila kama baadaye alijiunga na loji ya England. Nchi hizo zilikuwa na daftari zao.

Panapopotosha kuliko pote ni safu ya maelezo ya ziada katika daftari hizo. Neno la kufutwa uanachama lililoandikwa 1917 au 1918 husomwa kama aibu. Mara nyingi ni ada tu iliyolimbikizwa, na maiti hailipi ada. Kama habari ya kuzama haikufika lojini, katibu aliandika alichokiona kwenye hesabu zake.

Jina lake kwenye mnara wa kumbukumbu liko Tower Hill, London, pamoja na mabaharia wapatao 12,000 wa vita ile wasio na kaburi ila bahari. Yamepangwa kwa meli, ndiyo maana tunasisitiza meli. Aliyekufa kwa dhoruba ya kawaida, bila mkono wa adui, hayumo. Vita ya Pili nayo iliweka majina ya mabaharia mbali na ya askari. Meli ya kubeba askari Khedive Ismail ilizamishwa 12 Februari 1944 karibu na Maldivi ikitoka Mombasa kwenda Colombo: mabaharia wake Waingereza wako Tower Hill, majina ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki yako kwenye mnara ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi.

Mwisho, medali. Ile ya shaba yenye utepe wa kijani na nyekundu, mstari mweupe katikati kama taa za meli, ni ya baharia; jina limechorwa ukingoni, meli haikutajwa. Ile ya msalaba yenye tarehe 1914 na 1918, yenye utepe wa buluu, si medali ya vita. Ni nishani ya loji kwa aliyechangia angalau pauni 10 na shilingi 10 kujenga jumba la kumbukumbu la Mafrimasoni, Great Queen Street, London. Mchango huo ulianzishwa vita vilipokwisha. Mkiikuta kwenye sanduku la mtu aliyezama 1917, muulizeni shangazi ni ya nani.

Wako,
Wasomaji wa kumbukumbu za mabaharia