Barua ya wazi kwa mabinti wa cherehani, Temeke

Wajukuu zangu,

Jumamosi nilipokuja kuchukua gauni langu mlinizunguka na swali: mwenzenu mwenye miaka 24 amkubali nani, kijana wa 27 au yule baba wa 49? Kabla sijakaa mkajijibu wenyewe: “Bibi, vijana wanazingua. Utu uzima dawa.” Nimeamua kuwaandikia, maana mle ndani cherehani nne zinapiga kelele na masikio yangu siku hizi yanachagua.

Dawa nayo huisha muda wake.

Nimekaa baraza la usuluhishi la kata miaka kumi na moja. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, anayetaka talaka kwa kawaida hupita kwanza barazani ndipo aende mahakamani, kwa hiyo tunawaona wote, wa 22 na wa 60, benchi moja, kila mtu anatazama ukuta wake. Namkumbuka bwana mmoja wa miaka 54, mvi zimepangika, shati limenyooka. Akikasirika, anaondoka na rimoti ya luku mfukoni. Uniti zikakatika usiku. Mkewe ana tokeni kwenye simu, tarakimu zote ishirini, pa kuziingizia hana. Watoto wakala gizani. Tukamuuliza kosa la mama. Alimsahihisha jina la mtaa mbele ya shemeji! Basi.

Nami nisijitoe. Nikiwa na miaka 41 nilimnunia babu yenu siku tisa kwa sababu kadi ya harusi iliandikwa jina lake peke yake. Nilipika, nikamwekea maji ya kuoga, neno sikumpa. Tena nikajiona nimekomaa, kwa kuwa sikupiga kelele.

Sisemi umri si kitu. Sheria hiyohiyo iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa wazazi wakiridhia. Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba hilo linakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaafiki mwaka 2019. Mtoto ni mtoto, hapo sibishani na mtu. Lakini ukishavuka hapo, miaka haikufundishi kuomba radhi kama hutaki kufundishika.

Sasa huyo wa 49. Aliachana na mkewe, sivyo? Mwenzenu amwombe amsimulie ilikuwaje, kisha anyamaze asikilize. Akimaliza hadithi nzima na yeye hajakosa hata mahali pamoja, niiteni.

Na yule wa 27, mliyemcheka kwamba wakigombana hutokwa na machozi: machozi hayanisumbui. Niambieni kesho yake anafanya nini. Anarudi waongee, au anazima simu mpaka abembelezwe?

Gauni linanibana kwapani. Nalirudisha Jumatano saa nne, na mwenzenu awepo, aje na majibu.

Bibi yenu