Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Kikundi cha Bustani za Nyumbani, Arusha (Julai 2024 hadi Juni 2025)

Ndugu Makamu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, Mama yetu Mweka Hazina, wajumbe wa Kamati, wazee wetu, na ninyi wanachama wenzangu mliofika: habari za asubuhi, na poleni kwa kusubiri mpaka akidi itimie.

Katiba inanitaka niwasomee kazi za mwaka. Nyingi mmezifanya kwa mikono yenu, kwa hiyo nitazipitia haraka. Kitalu kilitoa miche ya sukuma wiki, chainizi, mnavu, ngogwe na hoho, ikagawiwa kabla ya vuli na tena kabla ya masika. Mafunzo ya bustani za gunia yalifanyika Moshono, Sakina na Olasiti. Wakati wa Nane Nane tulikwenda viwanja vya Themi. Wagonjwa walitembelewa, wafiwa walishikwa mkono. Toroli lilikatika mguu, likachomelewa. Hayo yote yamo kwenye muhtasari wa Katibu, anayetaka kwa undani atauomba.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta wengi wenu leo.

Mwezi Januari Kamati ilisimamisha kupokea takataka za sokoni kwenye uwanja wetu wa mboji. Mwezi Februari ikaamua kwamba kila mwanachama atengeneze mboji nyumbani kwake, na uwanja ubaki kwa kitalu, kuhifadhi majani makavu na kuchekecha mboji ya kuuza. Uamuzi huo niliusimamia mimi. Nimeulizwa barabarani, nimeulizwa msibani, na kwenye kundi la WhatsApp yameandikwa maneno ambayo sitayarudia mbele ya wazee. Leo nawajibu wote kwa pamoja.

Wanaolalamika wanasema kirikuu cha takataka, kile kigari kidogo cha mizigo, kilikuwa kinakuja bure. Si kweli. Takataka hatukuzinunua, lakini vijana wa kushusha tuliwalipa, vijana wa kuchambua tuliwalipa, na vilivyobaki baada ya kuchambua tulilipa tena vikatupwe. Mweka Hazina anazo stakabadhi. Kwa miezi sita ya kwanza ya mwaka wetu, Julai hadi Desemba, fedha iliyokwenda kwenye kazi hiyo ni zaidi ya ile tuliyopata kwa kuuza mboji yenyewe.

Hata hivyo, fedha si sababu kubwa. Waliokuwepo siku ya kuchekecha mboji ya Desemba wanakumbuka. Mama mmoja wa Sombetini aliingiza mkono kwenye rundo kutoa kijiti kilichokwama kwenye wavu, akautoa ukichuruzika damu mpaka kwenye kiwiko. Kilikuwa kipande cha chupa kilichosimama wima katikati ya mboji nyeusi nzuri kabisa, mboji ambayo wiki iliyofuata ingepelekwa kwenye matuta yenu mnakopalilia pamoja na watoto. Alishonwa zahanati. Tulipomrudisha kwake niliagiza rundo lote limwagwe juu ya turubai. Tukatoa wembe, waya, vizibo, vipande vya vigae, vile vifuko laini vya kufungia bidhaa (mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini hivi bado vinakuja na nyanya), na betri za tochi zilizopasuka, unga wake mweusi ukiwa umeshachanganyika na mboji.

Hapo kwenye betri ndipo nilipokata shauri. Chupa utaichekecha. Unga wa betri hauchekechwi, na kilichoingia kwenye udongo wa mchicha unaokula kila siku hakitoki kwa kuosha majani. Mboji yote ile niliizuia isigawiwe. Ndiyo sababu mgao wa Januari haukuwapo. Sikuwanyima mali yenu, niliwakinga.

Kuna na suala la harufu. Takataka za sokoni karibu zote ni maji: kabichi, maganda ya ndizi, nyanya, mananasi. Wataalamu wanasema rundo la mboji linataka sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Kaboni iko zaidi kwenye vitu vikavu, naitrojeni kwenye vibichi. Kwa lugha ya jembe, kila ndoo ya vitu vibichi ifuatane na ndoo mbili au tatu za vitu vikavu. Sisi tulikuwa tunashushiwa mabichi ya kirikuu kizima, na makavu yetu ni viroba vichache vya majani ya grevilea. Rundo la namna hiyo linajikandamiza, hewa haipiti, na badala ya kuiva linaoza. Unapata uvundo, funza na inzi. Majirani walikwenda kwa mtendaji wa mtaa, na walikuwa na haki. Aliyeitwa kujibu ni mimi. Nilikaa pale mpaka mchana kuwaombea muda ili uwanja usifungwe kabisa. Kama leo bado tuna kitalu, naomba ikumbukwe kwamba kuna mtu alikwenda kukitetea.

Na nyanya zile mbovu tulizokuwa tunazipokea, mnajua zilibeba nini? Kanitangaze, yule mdudu mharibifu wa nyanya, aliingia nchini mwaka 2014, na alianzia kwetu huku Arumeru. Wakulima walimpa jina hilo kwa sababu alikuwa anawatangazia umaskini. Funza wake anakaa ndani ya tunda, akishakomaa anajigeuza pupa kwenye udongo au kwenye takataka, halafu anaruka kama nondo kwenda kutaga kwenye nyanya za jirani. Rundo lenye joto kali katikati linamuua. Rundo letu la baridi lilikuwa linamlea. Ugonjwa wa mnyauko nao unasafiri vilevile, kwa mabaki ya mmea mgonjwa. Wanachama watatu wa karibu na uwanja walipoteza nyanya zao msimu wa vuli, wakanilaumu kwamba miche ya kitalu ilikuwa mibaya. Miche ilikuwa mizima. Wenzao wa Olasiti walipewa kutoka kitalu hichohicho wakavuna.

Sasa nijibu maneno mawili ya pembeni. La kwanza, kwamba nilifunga kwa sababu harufu ilikuwa inafika kwangu. Nyumba yangu iko ng'ambo ya korongo. Anayetaka aje akae barazani kwangu asubuhi na jioni, nitamkaribisha chai. La pili, kwamba Kamati haikuwa na mamlaka bila Mkutano Mkuu. Katiba inairuhusu Kamati kuamua jambo la dharura linalogusa afya, kisha itoe maelezo kwenye mkutano unaofuata. Mkutano uliofuata uliitishwa Machi. Katibu alituma taarifa siku 14 kabla, akapiga na simu. Walikuja watu 19 kati ya 64, akidi haikutimia, tukarudi nyumbani. Mtu aliyekuwa na hoja ya kuupinga uamuzi alikuwa na kiti chake pale, na hakukikalia.

Hilo la mahudhurio limenisononesha kuliko matusi yote ya mwaka huu. Siku ya miche kugawiwa watu wanajaa mpaka barabarani. Siku ya kugeuza mboji utaona sura zilezile nane au tisa, na wengi ni akina mama wazee wenye migongo inayouma. Wengine wanatuma alama ya dole gumba kwenye WhatsApp, kisha hawaonekani. Kidole kimoja hakivunji chawa, ndugu zangu. Sitaji majina kwa sababu ya heshima, lakini daftari la mahudhurio lipo mezani, na wajumbe wawili wa Kamati hii nao watajikuta humo kwa nafasi zilizo wazi.

Matunda ya uamuzi wetu nimeyaona kwa macho. Mwezi Mei nilipita mitaani, na kati ya wanachama 64, wapo 38 wenye rundo lao la mboji nyumbani. Wengine walidhani kwamba bila uwanja wa pamoja hawataweza. Wanaweza. Kwa kuwa bado wapo wanaouliza, nirudie hapa ninavyofundisha, maana niliyajifunza kwa kuyatenda.

Chagua mahali penye kivuli, upana wa mita moja na nusu. Tifua udongo kidogo, tandaza mabua ya mahindi au vijiti chini ili hewa ipite. Weka makavu kimo cha shibiri: majani ya migomba yaliyokauka na kukatwakatwa, maganda ya maharage, nyasi. Juu yake mabichi, nusu ya hayo: maganda ya jikoni, magugu ambayo hayajatoa mbegu. Kisha samadi kidogo, konzi mbili za majivu, na udongo wa juu wa shambani. Nyunyiza maji, rudia mpaka rundo lifike kifuani, halafu lifunike kwa majani ya migomba. Usiweke nyama, mafuta ya kupikia wala kinyesi cha mbwa. Maranda ya mbao zilizotiwa dawa ya mchwa usiyaguse kabisa, hata ukipewa bure.

Chomeka fimbo ndefu ya mshazari mpaka katikati. Baada ya siku nne au tano ichomoe uishike kwenye kiganja. Ikiwa na moto wa kukufanya uiachie, rundo lako linafanya kazi. Likifika nyuzi 55 na kuendelea linaua hata mbegu za magugu. Ikitoka ya baridi na kavu, ongeza maji. Ikitoka ya baridi na inanuka, maji yamezidi, pindua na uongeze makavu. Geuza kila baada ya wiki mbili au tatu, ya nje yaende ndani. Ukikamua konzi moja itoe tone moja au mawili, isichuruzike. Kwa hali ya hewa ya kawaida utavuna baada ya miezi mitatu. Baridi yetu ya Juni na Julai inachelewesha, msikate tamaa mkafukua kabla ya wakati. Mboji iliyoiva inanukia udongo wa msituni baada ya mvua, na humo huwezi kutambua lipi lilikuwa ganda la ndizi.

Bibi mmoja wa Kijenge, ambaye eneo lake lote halizidi hatua kumi kwa sita, alinionyesha tuta la mnavu lililokaa kwenye mboji yake ya kwanza. Majani mapana, ya kijani kizito, na alikuwa ameshayachuma mara kadhaa. Aliniambia ameacha kununua mboga tangu masika yalipokolea. Nilifurahi sana. Kazi ya uenyekiti ina lawama nyingi, lakini siku ile niliona kwamba tulifanya sawasawa.

Niseme kuhusu ada. Ada ni shilingi 20,000 kwa mwaka. Kati ya wanachama 64, waliolipa yote ni 27, waliolipa nusu ni 15, na ambao hawajalipa hata shilingi ni 22. Tunadai shilingi 590,000. Kati ya hao 22 wamo waliochukua miche mara mbili, na wamo walioandika marefu kuliko wote kuhusu uamuzi wa Kamati. Najua maisha ni magumu na ada za shule zinabana. Mwenye shida aje aseme, tutampangia. Mwaka huu wapo watano waliokuja kwangu kimyakimya, na tumewavumilia bila mtu kujua. Ninachokataa ni mtu mwenye uwezo kukaa kimya na kuendelea kupokea.

Hesabu kwa ujumla: ada zilizolipwa shilingi 690,000, mauzo ya mboji na miche 412,000, salio la mwaka uliopita 238,000, jumla 1,340,000. Matumizi 1,196,500, kwa mbegu, maji, vibarua, wavu wa kuchekechea, mabati ya banda la majani makavu, mafunzo na nauli. Salio 143,500. Kuhusu mabati, kuna aliyesema ni ya gharama. Majani makavu yakinyeshewa masika yote hayana kazi tena, na bila makavu hakuna mboji. Fundi nilimtafuta mimi, na bei aliyotupa ni ya chini kuliko tuliyoambiwa kwingine.

Kwa mwaka ujao tunatarajia kuongeza mbegu za asili, hasa mgagani na mnavu, ambazo mwanachama anaweza kuzivuna mwenyewe na kuzihifadhi. Tunatarajia pia kupata tangi la maji ya mvua kwa ajili ya kitalu, Mungu akijalia na ada zikilipwa. Yapo mazungumzo na mwenye kiwanda kidogo cha kukoboa kahawa ili tupate maganda, maana ni makavu mazuri. Bado hatujafika mbali, lakini matumaini yapo. Ikiwezekana, shule moja ya msingi iliyo jirani nayo ipate tuta lake.

Kuhusu takataka za sokoni, msimamo wa Kamati haujabadilika. Siku soko litakapozichambua huko huko, zije bila plastiki, chupa wala betri, na sisi tuwe na makavu ya kutosha, tutazungumza upya. Kabla ya hapo, nikiwa Mwenyekiti, kirikuu hicho hakitaingia. Mkutano huu una akidi leo. Anayetaka kulipigia kura jambo hili alete hoja kwa Katibu kabla ya mapumziko ya chai, nami nitaheshimu matokeo.

Nawashukuru wajumbe waliosimama nami, Mweka Hazina kwa leja safi, na wale nane au tisa wa kila Jumamosi. Ada zinapokelewa meza ya mlangoni, taslimu au kwa simu, na risiti inatolewa hapo hapo.

Naomba kuwasilisha.