Kabla hatujafunga bodi, tuambie utatundika nini

Pesa ya korosho ikishaingia, simu za ujenzi huwa nyingi kwetu mafundi wa hapa Mtwara, kuanzia Shangani hadi Naliendele. Mara nyingi boma limeshaezekwa, kuta zinazobeba kenchi (fremu ya paa) ni za tofali, na mwenye nyumba anataka kugawa nafasi ya ndani kwa fremu ya mbao na bodi za jipsamu. Kazi hiyo ni ya haraka, wala haiongezi uzito wa tofali juu ya jamvi (sakafu ya zege) lisilo na msingi chini yake. Ila kuna swali tunaloanza nalo, na tunaomba usilione ni udadisi: ukuta huu utabeba nini?

Ukuta wa fremu ndani ni mtupu. Bodi ya kawaida ina upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2.4, ndiyo maana nguzo tunazisimamisha kila sentimita 60, au 40 panapotakiwa uimara zaidi, ili ukingo wa bodi uangukie katikati ya nguzo. Baina ya nguzo na nguzo hakuna kitu. Skrubu ya kabati la jikoni ikipigwa hapo inashika jipsamu peke yake, na siku sahani zikipangwa, kabati linang'oka na kipande cha ukuta. Dawa yake ni mbao za kulala, zilizokazwa baina ya nguzo kwa urefu ule ule kabati au televisheni itakapokaa. Fremu ikiwa wazi, hiyo ni kazi ndogo sana. Ukuta ukishapigwa skimu (plasta nyembamba ya kulainisha) na rangi, ni kukata na kuanza upya, na gharama ni yako.

Mlangoni tunasimamisha nguzo mbili mbili kila upande. Usikubali fundi aweke moja. Mlango ukibamizwa na upepo wa bahari, nyufa zitaanzia pale kwenye kona za juu.

Wateja wengi wanapenda vidaka, yaani vishubaka vya ukutani, kama vya nyumba za zamani za Mikindani. Tunavipenda pia, lakini kuta za kule ni za mawe na ni nene. Fremu ya mbao za inchi mbili kwa nne inakupa kina cha inchi 4 tu: panatosha taa ndogo au msahafu. Ukitaka zaidi, tunakisogeza kidaka kiingie ndani ya kabati la nguo la chumba cha pili. Kabati lenyewe lipewe sentimita 60 kwenda ndani, vinginevyo henga zitagonga mlango.

Mbao zote tunazitia dawa ya mchwa. Chini tunatandika nailoni nzito kabla ya kulaza mbao ya kwanza, na bodi tunaiacha juu ya sakafu kidogo ili isinyonye maji ya kudekia. Skrubu ziwe za kutoshika kutu, kwa sababu hewa ya chumvi hapa haina huruma. Bafuni tunakushauri ubaki na tofali.

Fundi umeme apitishe mabomba yake kabla yetu. Kisha, kabla ya kufunga, tunapiga picha ya kila ukuta, futi kamba ikiwa imenyooshwa juu yake, na tunakutumia kwa WhatsApp. Itunze picha hiyo: ndiyo itakayomwonyesha fundi mwingine pa kutoboa na pa kuepuka.