Kamasi inayonuka ya tundu moja isitibiwe kwa kubahatisha

Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wazazi wenzangu kuhusu kamasi yenye harufu mbaya, tatizo ambalo wengi tunalionea aibu na kwa hiyo hulitibu kimyakimya kwa dawa za kununua dukani.

Binti yangu, akiwa na miaka mitatu, alitokwa na kamasi ya manjano yenye uvundo kiasi kwamba hata foronya yake ilinuka baada ya kufuliwa. Nilimpa viuavijasumu mara mbili. Kila mara harufu ilipungua, kisha ikarudi. Hakuna aliyeniuliza, wala mimi sikujiuliza, kwa nini kamasi ile ilitoka tundu la kulia peke yake. Daktari wa masikio, pua na koo alimulika, akaingiza kifaa chembamba chenye ncha iliyopinda, akavuta kipande cha sifongo ya godoro kilicholowa usaha. Siku chache baadaye harufu iliisha, bila dawa nyingine.

Mafua ya kawaida hutoka matundu yote mawili. Mtoto anayenuka pua upande mmoja ni lazima kwanza ashukiwe kuwa amejitia kitu, na kikiwa ni betri ndogo bapa hapana kungoja kesho, kwani huunguza nyama za pua ndani ya saa chache. Mzazi asikichokoe kwa kijiti cha pamba. Atakisukuma ndani zaidi.

Kwa mtu mzima, tatizo la upande mmoja mara nyingi hutokana na meno. Mizizi ya magego ya juu imepakana na uwazi ulio ndani ya mfupa wa shavu, hivyo maambukizi ya jino lililooza hupenya humo, na pasipo kulitibu au kuling'oa, dawa hupoza tu. Yapo pia maradhi yanayosinyaza utando wa ndani ya pua na kuijaza magamba yanayonuka. Mgonjwa mwenyewe kwa kawaida haisikii harufu hiyo, na wanaoisikia huona haya kumwambia.

Kusafisha pua kwa maji ya chumvi husaidia, mradi maji yawe yamechemshwa na kupoa. Lakini jicho likivimba, damu ikitoka mara kwa mara au kichwa kikiuma vikali pamoja na homa, mgonjwa awahishwe hospitali.

Nawaomba wauzaji wa dawa, kabla ya kuhesabu vidonge, wamuulize mteja kamasi inatoka tundu lipi.

Mzazi na msomaji wenu