Maembe yanahitaji kivuli na ubaridi Kongowea

Kwa Mhariri,

Kila msimu wa maembe hunisikitisha jinsi ngowe na boribo zinavyoteremshwa katika soko la Kongowea. Magunia hurundikwa juani, ya chini yakibeba uzito wa yote, na jua likichwa wachuuzi huyauza kwa bei ya kutupa yale ambayo tayari yanabonyea ukiyagusa kwa kidole gumba. Lawama zote hutupiwa joto la Mombasa, ilhali kulainika huko ni kazi ya tunda lenyewe, ambalo huendelea kuishi na kupumua hata baada ya kuanguliwa.

Embe likikomaa, jeni zake huliwezesha kutengeneza gesi ya ethilini, na gesi hiyo huamsha jeni nyingine zinazounda vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, vya kuvunjavunja pektini, ile gundi inayoshikanisha seli za tunda. Embe lililopondeka hutoa ethilini zaidi, na kwa kuwa gesi hupenya gunia zima, hilo moja huyaharakisha mengine yote. Wanaovundika ndizi wanaitegemea gesi hiyohiyo.

Wapo wanaotumaini kwamba wataalamu wa jeni watatutatulia jambo hili. Nyanya ya Flavr Savr iliuzwa Marekani mwaka 1994 baada ya kudhibitiwa jeni ya kimeng'enya kimoja, poligalakturonesi, lakini kulainika kwake kulipungua kidogo tu, kwani vimeng'enya vinavyoshiriki ni vingi. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Nottingham walidhibiti kingine, pektati liesi, na nyanya zikabaki ngumu zaidi bila kupoteza rangi. Nimefurahi kwa dhati, ila hizo ni nyanya, na mkulima wa Kilifi ana maembe ya kuuza msimu huu.

Kwa hiyo naiomba serikali ya kaunti iezeke mahali pa kuteremshia matunda na kutenga chumba chenye ubaridi wa takriban nyuzi 13, kwa kuwa ubaridi hupunguza kasi ya vimeng'enya. Usizidishwe, maana embe bichi likipoa mno ngozi huingia madoa na tunda hushindwa kuiva vizuri. Wasafirishaji nao waache magunia, watumie kreti zisizoyaponda maembe ya chini.

Mpenda matunda,
Kongowea, Mombasa