Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: saiklotroni isiishie kwenye saratani

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mtu wa maabara. Kazi yangu ni kuotesha bakteria. Mara nyingi sahani ya kuoteshea haioti kitu, na si kwamba mgonjwa hana maambukizi. Alipitia duka la dawa akadungwa seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, kabla ya kutufikia. Mwingine usaha umejificha kando ya uti wa mgongo, au kwenye chuma alichotiwa pajani baada ya ajali ya bodaboda, na sindano haiufikii. Hapo daktari hubahatisha, na kubahatisha kwenyewe ni kuongeza dawa kali zaidi.

Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ina saiklotroni, mashine ya kutengeneza atomi zenye mionzi, na skani ya PET, inayoonyesha mionzi hiyo imekusanyika wapi mwilini. Hutengeneza FDG, sukari iliyobebeshwa florini yenye mionzi. Kwa saratani ni hodari. Kwa swali langu, bakteria wako wapi, haichagui: uvimbe, mfupa unaounga, kidonda chenye bakteria, vyote vinawaka.

Timu ya Dkt. Sanjay Jain wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, ilichukua FDG hiyohiyo, ikaipitisha hatua moja zaidi ya kikemia, ikapata FDS, aina ya sorbitoli. Seli zetu haziishughulikii sana, lakini bakteria kama E. coli, Klebsiella na jamaa zao huila. Mwaka 2014 waliripoti matokeo ya wanyama, mwaka 2021 ya wagonjwa. Hata maendeleo ya matibabu yalionekana kwenye picha.

Sitaipamba. FDS haioni bakteria wa Staphylococcus wala wa kifua kikuu, na kwa kuwa hutoka na mkojo, figo na kibofu huwaka hata kwa asiye mgonjwa. Basi haitachukua nafasi ya sahani zangu. Lakini Klebsiella sugu ndiyo inayotutoa jasho wodini, na hiyo inaiona.

Ninachoomba ni utafiti mdogo hospitalini humo, wenye idhini ya kamati ya maadili, kwa wagonjwa ambao uoteshaji umeshindwa kuwapa jibu. Nusu ya mionzi ya florini hiyo huisha kwa dakika 110, kwa hiyo dawa haiwezi kumfuata mgonjwa Lodwar, mbali kaskazini. Yeye ndiye atakayesafirishwa, na nauli iwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Pia Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) iseme mapema kama italipia skani hii kwa asiye na saratani.

Wako mwaminifu,
Mtaalamu wa maabara, hospitali ya kaunti